Mshonaji wa Albert Park aliyefumuliwa mkono wa gauni ili achanjwe

Saa mbili asubuhi, cherehani ya Marcelline tayari inalia. Chumba chake cha kushonea kiko ghorofa ya tatu, Albert Park, katikati ya jiji la Durban. Mkono wa kulia unasukuma kitenge. Wa kushoto unafuata polepole, kama mtu aliyelazimishwa kwenda kanisani.

"Unauma kidogo tu," anasema akicheka. "Sista wa famasi alinionya."

Ukutani limetundikwa gauni la buluu lenye maua ya njano. Mkono wake wa kushoto umefumuliwa kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kwapa.

"Mama Laurette, umeishiwa uzi?" anamtania Agathe, mteja wa siku nyingi, Mrundi mwenye saluni mtaa wa pili.

"Uzi iko. Hiyo nguo inangojea mutu."

Mtu huyo bado hajazaliwa. Ni mjukuu wake wa kwanza, anayetarajiwa baada ya wiki tatu. Binti yake, Laurette, anayeishi Queensburgh, alichanjwa kliniki dhidi ya kifaduro, akarudi na sharti: kila atakayembeba mtoto naye achanjwe, angalau wiki mbili kabla mtoto hajazaliwa.

"Nikamwambia, nimelea watoto wanne, na wewe umo. Akanijibu, 'Mama, bila sindano utamwangalia kupitia dirishani.'"

Hakubishana zaidi. Alipokuwa na miaka tisa, kule Uvira, Kongo, mdogo wake wa miezi miwili alikohoa wiki nzima hadi pumzi ikamwishia. Yeye ndiye aliyekuwa amembeba.

"Ile sauti naijua," anasema, kisha anakanyaga cherehani.

Kushona gauni moja hulipwa rand 350. Chanjo ya nyongeza, sindano moja inayokinga kifaduro, pepopunda, dondakoo na polio, ilikuwa rand 620 kwenye famasi ya jirani. Karibu magauni mawili. Aliweka pesa kando, na jana akaenda.

Akaenda amevaa gauni la buluu.

"Kwetu hatuendi kwa daktari kama tunaenda kufagia," anajitetea. "Tena nguo yangu ndiyo tangazo langu."

Wateja humfuata hata kutoka Sydenham kwa sababu ya mikono ya kubana ya magauni yake, anayoipitisha cherehani mara mbili. Sista Nonhle, muuguzi wa famasi, alijaribu kuukunja huo wa kushoto. Ukakwama chini ya kiwiko. Wakajaribu kuutoa mkono kupitia shingoni, haukutoka. Kufungua zipu ya mgongoni kulimaanisha kubaki na shimizi nyuma ya pazia lisilofika ukutani, na foleni iko pale pale.

"Nitarudi kesho," Marcelline akasema, akiokota mkoba.

"Kesho itakuwepo, Mama. Chanjo sijui," Sista akamjibu. "Imebaki hii moja kwenye friji. Nyingine zinakuja baada ya siku kumi."

Marcelline akahesabu siku za mjukuu. Siku kumi zingekuwa nyingi mno. Akaketi tena.

"Basi fumua. Mimi siwezi kujifumua kwa mkono mmoja."

Sista akachukua mkasi mdogo. "Nifundishe."

"Usivute. Kata uzi mmoja, ruka mitatu, kata tena. Taratibu, kitambaa kisiumie."

"Aliyeshona hivi hana huruma, eish."

"Ni mimi."

Sista alicheka hadi akauweka mkasi chini. Nje ya pazia, mzee aliyefuata kwenye foleni, karatasi ya dawa za presha mkononi, akawaambia wafumue bila haraka. Yeye nyumbani anasubiriwa na paka tu.

Kufumua kulichukua dakika kumi na mbili. Sindano haikufika hata sekunde tano.

"Sikuisikia," anasema Marcelline. "Nilikuwa naangalia kama ameharibu pindo."

Sista aliubana mkono wa gauni kwa pini tatu, ili mama wa watu apite mjini kwa heshima. Akamketisha robo saa, akamletea maji. Alipomruhusu kuondoka, akaagiza gauni lake mwenyewe. La mikono mifupi.

Marcelline alimtumia Laurette picha ya kadi ya chanjo. Jibu lilikuja kabla hajafika kwenye robot, taa za barabarani: "Sharp, Mama. Baada yangu, utambeba wewe."

Sasa Agathe anauliza mkono huo utashonwa lini.

"Wiki hii. Lakini nitauongeza upana, ukunjike hadi juu. Mutoto wa siku moja anataka mkono mtupu, asikie joto ya mutu."

Mabaki ya kitenge cha gauni hilo aliyatunza. Sehemu itapanua mkono wa gauni. Sehemu nyingine ameshaikata duara, na anaivalisha ngumi yake ya kushoto kupima ukubwa wa kofia ya mjukuu. Bega linamuuma, anakunja uso. Lakini ngumi haishushi.

"Kichwa cha Laurette kilikuwa hivi hivi," anasema.