Chipu Zilizolazwa Chali

Siwafichi, harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya inapoyeyuka hunipandisha hasira hadi leo. Nikiinusa tu, najiona tena Butembo, nina miaka kumi na mmoja, nimekaa mezani kwa baba, fundi wa kompyuta.

Wiki ile mwalimu wa kwaya kutoka Beni alikuwa ameleta kompyuta yao, imekuwa bubu, na muziki wote wa ibada ya Jumapili ulikuwa humo. Baba alikuwa na chipu kumi na nne za sauti, alizozing'oa kwenye mashine kuukuu zilizopitia mpakani Kasindi, lakini hakujua ipi nzima. Basi tukapanga ubao wa kuzipimia: unaibana chipu pale, spika ikilia, ni nzima. Baba angeutengeneza, mimi nichore mahali pa kila mguu wa chipu.

Miguu arobaini na minane, myembamba kuliko kope! Nilihesabu, nikakosea, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe nikailaza chipu chali ili miguu yake ionekane vizuri, nikaichora hivyo hivyo. Nikajiona mjanja kweli.

Ubao ulipokamilika tukapima ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Kufikia ya mwisho nilikuwa nalia kwa hasira.

"Zote zimekufa, Papa!"

"Angalia tena muchoro, Masika."

"Nimeangalia mara ngapi? Nimechoka, miye!"

Kwetu chipu iliyokufa ilipondwa kwa nyundo, walanguzi wasije wakaiokota jalalani na kuiuza kama mpya. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Siku ile niliziponda zote, tena kwa nguvu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta baba ameushika mchoro wangu, anaugeuzageuza. Mara mwalimu akaingia.

"Mais fundi, ibada ya Dimanche tutaimba na nini?"

"Pardon, mwalimu. Kosa ni yangu."

Nilimkasirikia baba. Kwa nini ajidhalilishe kwa ajili ya chipu zilizojifia zenyewe? Mwalimu aliondoka na kompyuta yake bubu, na kwaya yake haikuleta kazi kwetu tena.

Sasa nami nachora mbao za kupimia chipu. Nikiwa bado mwanafunzi, mkufunzi alinirudishia mchoro mmoja, akaniambia: chipu ikilala chali, mguu wa kushoto unakuwa wa kulia. Nilitoka nje, nikakaa chini. Chipu zile nilizoziponda huenda zilikuwa nzima; kilichokuwa kinyume ni mchoro wangu. Baba alikuwa ameshalijua hilo Ijumaa ile, mimi nimesimama karibu naye, namnunia.