Oveni ya Sebuleni

Tasnifu yangu ya uzamili, niliyoiandika Dar es Salaam kwa uangalifu uliowachosha hata wasimamizi wangu, ilihusu gesi isiyokuwapo. Wanakemia huiita gesi kamilifu: chembe zake hazina ukubwa, hazivutani, hazisukumani, wala haziwekeani kinyongo. Ni dhana ya kurahisishia hesabu. Nilipofika Kigali mwishoni mwa mwaka 1994, nikiwa na sanduku moja, tasnifu hiyo na usingizi uliokatika kwa sauti yoyote ndogo, jamaa zangu walisikia neno moja tu katika maelezo yangu yote. Neno hilo lilikuwa "gesi".

"Basi Mungu ndiye amekuleta," alisema shangazi. "Tuko na oveni, hatuna mtu wa kuifunga."

Tuliishi mtaa wa Remera, katika nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe, mama aliyekuwa mjane tangu Aprili, alisema hawezi kulala tena ndani yake. Vioo vya madirisha havikuwapo. Mahali pake palipigiliwa turubai la bluu. Baba yangu na ndugu zake wawili walitawanyika utotoni, kila mmoja na mpaka wake: yeye Tanzania, shangazi Bujumbura, baba mdogo Kampala. Sasa shangazi na baba mdogo walikuwa chini ya paa moja kwa mara ya kwanza tangu wakiwa watoto, na kila mmoja alikuja na Rwanda yake aliyosimuliwa. Hazikufanana. Shangazi alijua kwa hakika kwamba mila inataka hivi. Baba mdogo alijua kwa hakika hiyo hiyo kwamba inataka vile. Aliyeshinda alikuwa yule aliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Oveni ilitoka Kampala juu ya lori, katikati ya magodoro. Ilikuwa jiko jeupe lenye vichomeo vinne juu, oveni yenye mlango wa kioo chini, na mafuta yaliyogandiana ya familia nzima ya watu tusiowajua. Baba mdogo aliileta kwa ajili ya siku moja. Jumamosi iliyokuwa inakuja, wakwe walikuwa wanafika kumwomba binti pekee wa shangazi, siku ambayo kwa Kinyarwanda huitwa gusaba. Shangazi alikuwa amepokea wageni kwa viti vya kuazima maisha yake yote ya ukimbizini. Safari hii alitaka keki iive mbele ya macho ya wakwe, ili waone kwamba msichana anatoka nyumbani, hatoki kambini. Alikuwa amesikia kwamba upande wa kijana ni watu wa mali, na kwamba shangazi wa kijana alikuwa tayari ametaja msichana mwingine.

Tatizo lilikuwa kwamba kwetu mgeni haoni jiko. Jiko liko nyuma ya ua, na mgeni mwenye adabu hujifanya hajui chakula kinatoka wapi. Oveni iliyowekwa jikoni ingekuwa sawa na suti iliyovaliwa chini ya kanzu.

"Itakaa mu saloni," alisema shangazi, akionyesha sebuleni.

"Shangazi, jiko ni la jikoni."

"Mu jikoni nani ataiona? Kuku?"

"Kampala watu wakubwa wote wanaweka hapo hapo," alisema baba mdogo, "karibu na televisheni."

"Hatuna televisheni."

"Ndiyo maana nafasi iko."

Nikawaeleza, kwa mpangilio ambao bado ninauonea fahari, kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Kwamba ikivuja haipandi darini bali humwagika kama maji na kutuama mahali pa chini. Kwamba sebule yetu ilikuwa imeshuka ngazi moja kutoka barazani, na kwa hiyo, kwa mtazamo wa gesi, ilikuwa bakuli. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wasimamizi wangu hawakuwahi kulifanya.

"Bon," alisema, yaani sawa, kwa Kifaransa chake cha Bujumbura. "Kama ni nzito, itakaa chini. Sisi tutakaa mu viti."

Tukafikia mapatano. Oveni ingekaa sebuleni, mbali na ukuta na mbali na turubai. Mtungi ungesimama wima nje, barazani, na mpira wake ungeingia kupitia mpasuko katika turubai la dirisha la kwanza bila kugusa mgongo wa jiko. Turubai la dirisha la pili lingekunjwa juu, na mlango ungebaki wazi tangu mgeni wa kwanza aingie hadi wa mwisho atoke. Mimi ningekaa nje, mkono karibu na valvu. Baba mdogo alisema hajapata kuona posa inayolindwa na askari wa gesi.

Usafi ulituchukua siku mbili. Baba mdogo alitokea na petroli katika chupa ya soda, akaahidi kwamba angetia tone moja tu, nami nikamnyang'anya chupa kwa maneno ambayo hayakuwamo katika tasnifu. Mimi na binamu, yaani bibi harusi mtarajiwa mwenyewe, tuliyalainisha mafuta kwa maji ya moto, sabuni na majivu, tukavitoa vichomeo, tukazibua vitundu vyake kimoja kimoja kwa pini. Njiti ya kiberiti haifai kwa kazi hiyo, huvunjikia ndani. Binamu alisugua, kisha akauliza: "Dada, wakinikataa, hii oveni itarudi Kampala?"

"Hawatakukataa."

"Mimi nimeuliza oveni."

Nilipofunga regulata na kukaza vibanio vya mpira, nilipaka povu la sabuni kila kiungo. Penye shingo ya mtungi pakatokea kiputo, kikakua polepole, kikapasuka. Nikakaza, nikapaka tena. Nikapaka asubuhi, nikapaka baada ya chakula cha mchana, nikapaka hata pale ambapo hapakuwa na kiungo chochote, kwa sababu tangu nifike Kigali nilikuwa siwezi kuvumilia wazo la kitu kisichoonekana kinachoingia nyumbani kimya kimya. Shangazi aliniuliza kama ninaifanyia majaribio au ninaibatiza.

Kisha nikawafundisha kuwasha: fungua mlango wa oveni, leta moto kwanza, gesi ifuate. Baba mdogo alifungua gesi kwanza, halafu akaanza kujipapasa mifuko akitafuta kiberiti, pamoja na mifuko ya koti ambalo hakulivaa. Nilizima, nikasubiri harufu iishe, nikaanza upya. Alisema Tanzania wameniharibu kwa mikutano.

Jumamosi wakwe walifika na mvua. Msemaji wao alikuwa mzee mrefu mwenye kiko, aliyekulia upande wa Mbarara. Nyuma yake aliketi shangazi wa kijana, amejifunga shuka mbili. Keki ilikuwa tayari ndani ya oveni, moto wa samawati ukionekana kupitia kioo. Mimi nilikuwa barazani juu ya kigoda kando ya mtungi, nikitazama kupitia mpasuko wa turubai.

"Tulikuwa tunapita njia," alianza mzee, kama inavyotakiwa, maana hakuna anayekiri kwamba amekuja kuomba. "Tukaona moshi, tukasema hapa pana watu."

"Moshi?" alisema baba mdogo, msemaji wetu. "Mzee, umekosea nyumba. Hapa hatutoi moshi. Hapa ni gesi."

Wageni wakacheka. Baba mdogo, aliyeuona mlango wa utukufu umefunguka, aliinuka akafungua wa oveni pia, ili kila mtu aone keki na moto wake. Kisha akaufunga kwa kishindo, kama mtu anavyofunga mlango wa gari lake mwenyewe.

"Kweli ni kitu kizuri," alisema shangazi wa kijana. "Ila sisi tunakufa baridi. Huku kwenu mlango haufungwi?"

Sikumlaumu shangazi yangu wakati ule, wala simlaumu sasa. Ni mwenyeji gani anayemwacha mkwe atetemeke? Alishusha turubai la dirisha la pili na kuufunga mlango, tena akaomba radhi. Nami nikabaki nje na mtungi, nikitafakari. Kuingia katikati ya hotuba ya posa ni utovu wa adabu. Kwa msichana wa nyumba hiyo kufanya hivyo ni mkosi. Kwa upande mwingine, chumba kilichofungwa hakikuwamo katika mapatano. Lakini maadamu moto unawaka, gesi inaungua, na inayoungua haituami. Je, moto unawaka? Swali hilo, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, lilifika mwisho wa msururu. Nikainama mpasukoni. Kioo cha oveni kilikuwa cheusi. Kile kishindo kilikuwa kimeuzima moto.

Ndipo harufu iliponifikia.

Nilifunga valvu. Hilo lilisimamisha gesi inayokuja. Iliyokwisha kuingia ilikuwa imetanda sakafuni, kati ya viatu vya wakwe. Na mzee alikuwa amemaliza kushindilia tumbaku. Baba mdogo, kwa heshima zote, alikuwa amepiga goti moja mbele yake na kiberiti mkononi, akichagua njiti nzuri.

Nilikuwa na sentensi kamili, yenye kiima, kiarifa na neno la kuomba radhi. Sikuitumia. Nilisukuma mlango, nikavuka sebule na kumpokonya baba mdogo kiberiti.

Binamu alikuwa chumba cha nyuma. Nilisikia mlango wake ukifunguka kidogo.

"Kwetu," alisema mzee taratibu, kiko kikiwa kimesimama karibu na midomo, "mgeni akinyimwa moto, amenyimwa msichana."

"Nilisema mimi," alinong'ona shangazi wa kijana, kwa sauti iliyosikika vizuri kila pembe.

Nilimtazama shangazi yangu. Niligusa pua. Aliitazama oveni, akautazama mlango alioufunga mwenyewe, na nikauona uso wake ukigeuka kijivu. Kisha akasimama, akanyoosha begani mshanana, vazi lake la sherehe, na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia:

"Kwenu wapi, mzee? Mbarara? Wapi! Hapa Rwanda, kiberiti kikichukuliwa, maana yake wageni wamekubaliwa kukaa, sasa tunatoka nje. Msichana haombwi ndani ya nyumba kama anaibwa. Anaombwa chini ya mbingu, ng'ombe wanasikia. Ama nyinyi mulisahau?"

Hatukuwa na ng'ombe. Mila hiyo ilikuwa na umri wa sekunde chache. Lakini katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuona posa ikifanyika Kigali, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kulikiri hilo. Mzee alikohoa.

"Sisi hatukusahau," alisema. "Marehemu baba alinieleza. Nilikuwa nangoja kuona kama nyinyi mnaijua."

"Tunaijua," alisema baba mdogo, aliyekuwa bado amepiga goti.

"Basi viti," alisema shangazi. "Kila mtu na chake. Pole pole, na bila moto."

Wakatoka, kila mmoja amebeba kiti chake kwa uzito wa ibada, shangazi wa kijana akiwa wa mwisho na shuka zake mbili. Nilifungua kila kilichoweza kufunguka. Posa ikamalizikia kwenye nyasi, katika manyunyu, mzee akivuta kiko mbali na nyumba, mahali nilipomwonyesha mimi na ambapo shangazi alimweleza kuwa ndipo penye heshima. Binamu aliombwa, akazungushiwa maneno kama inavyostahili, akatolewa. Miezi iliyofuata nilialikwa kwenye posa mbili ambapo, kiko kilipojazwa, mtu aliinuka akapokonya kiberiti na watu wote wakatoka nje na viti. Nyumba zote mbili zilikuwa zinapika kwa mkaa.

Wageni walikula brosheti, yaani mishikaki, tulizoagiza pale mtaani Gisimenti, kwa sababu keki ilikuwa uji. Walipoondoka, jioni ikiwa bado haijaingia sawasawa, shangazi aliketi kwenye kiti kilichobaki nyasini. Ndani, baba mdogo alikuwa akimwimbia bibi harusi wimbo wa Kampala.

"Niambie wewe uliyesoma," alisema. "Mzee angewasha, ingekuwa nini?"

Nilianza kupanga jibu: ukubwa wa chumba, muda ambao valvu ilikuwa wazi, kiasi cha gesi kinachohitajika katika hewa ili ishike moto, turubai, watu waliokuwamo. Nilikuwa na takwimu zote hizo. Kisha nikaona jinsi alivyogeuka kuutazama mlango kwa kila sauti ndogo, kama nilivyofanya mimi kila usiku tangu nije, naye hakuwahi kuniuliza kwa nini.

"Keki ingeungua, shangazi," nilisema.

Aliinuka, akakibeba kiti chake.

"Bon," alisema. "Kumbe ni keki tu."