Anayeamsha kompyuta 164 akiwa na koleo mkononi

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Barabara ya Gikondo, jijini Kigali, haina gari hata moja. Maduka yamefungwa, na wakazi wa mtaa ulio nyuma ya maghala wamejipanga kando ya mtaro uliojaa tope. Ni saa za umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi.

Winifred Kamikazi, mwenye umri wa miaka 31, ameshika koleo mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Kila akitupa tope juu, anaitazama simu.

"Jamani, mwenzetu anazibua mtaro kwa kidole gumba!" anapaza sauti jirani yake, Annick. Watu wanacheka.

"Annick, niache kwanza. Zimefika arobaini na moja!"

"Arobaini na moja nini?"

"Kompyuta!"

Upande wa pili wa jiji, mtaani Gitega, kuna chuo binafsi cha ufundi ambacho Winifred ni fundi wake wa kompyuta. Asubuhi hii vyumba vyake vinne vya mazoezi vimefungwa. Hakuna mwalimu wala mwanafunzi. Lakini humo ndani kompyuta zinapokea, ishirini kwa ishirini, programu mpya ya mtihani utakaoanza Jumatatu saa mbili.

Hakuna anayezigusa. Winifred alizipangia kazi hiyo tangu Jumatano. Aliiweka programu kwenye seva ya chuo, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine zote. Akaiagiza seva iziamshe mashine zilizozimwa, izipe programu kwa mafungu ili mtandao usilemewe, kisha izizime tena.

"Nilichagua saa za umuganda kwa sababu ndizo saa pekee ambazo nina hakika hakuna mtu aliyekaa mbele ya kompyuta," anasema. "Kigali nzima iko nje na majembe."

Kwake leo si siku ya kawaida. Mwezi uliopita alijaribu mpango huu huu, Jumamosi kama hii, na ukashindwa. Jumatatu yake wanafunzi waliokuja kwa mtihani wa majaribio walisimama nje kwa saa nzima. Mkuu wa chuo, Kalisa, alimwita ofisini na kumkabidhi barua: ikishindikana tena, kazi hiyo itapewa kampuni ya nje, na mkataba wa Winifred hautaongezwa.

Kosa lilikuwa wapi? Winifred anacheka kabla ya kujibu.

"Nilifikiria kila kitu isipokuwa Sibomana."

Sibomana ndiye mlinzi wa chuo, mwenye umri wa miaka 58. Kila Ijumaa jioni hupita chumba hadi chumba akizima swichi kuu za ukutani, kwa agizo la zamani la kubana matumizi ya umeme. Hajawahi kusahau hata siku moja. Mashine iliyozimwa huweza kuamshwa na seva, lakini iliyokatiwa umeme ukutani haisikii kitu. Mwezi uliopita seva iliita asubuhi nzima, na hakuna iliyoitika.

"Mimi nilifanya kazi yangu vizuri sana," anasema Sibomana kwa fahari. "Umeme ya chuo iko na mwenyewe. Ni mimi."

Safari hii Winifred alimwendea Ijumaa mchana, akamwomba aziache swichi. Mzee alitaka karatasi yenye saini ya mkuu. Akaletewa.

Winifred alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda. Alifika Kigali akiwa na cheti cha kompyuta na mfuko mmoja wa nguo. Kwa miezi saba alichapa barua za watu kwenye kibanda cha mtaa wa Biryogo, hadi siku alipoingia mteja mmoja mrefu, akamsikiliza anavyozungumza na kumuuliza, "Wewe ni wa Karagwe, siyo?"

Huyo alikuwa Castory Bigirimana, fundi wa chuo, ambaye naye alikulia huko. Wiki iliyofuata alimchukua awe msaidizi wake.

Enzi hizo programu ilibebwa kwenye flashi. Castory alikaa kwenye kigoda chenye magurudumu, akachomeka flashi kwenye mashine ya kwanza, akasubiri dakika ishirini na tano, akasogea ya pili. Kazi nzima ilimchukua siku tisa. Kila mashine ilipokamilika aliweka alama ya vema kwenye daftari lenye jalada la bluu. Vyumba alivipa majina ya mitaa: Biryogo, Nyamirambo, Kimisagara na Rwezamenyo.

"Alikuwa akisema, 'Mwanangu, iko siku tutakaa chini tunywe chai, na hizi zote zitapokea kwa mara moja.' Nilidhani ananitania," anasema Winifred.

Castory alifariki dunia miaka miwili iliyopita, mwezi Machi, katikati ya msimu wa mitihani. Aliondoka kazini Alhamisi akisema kifua kinambana, na hakurudi. Ukurasa wa Biryogo kwenye lile daftari una alama zake hadi mashine ya 22. Kuanzia ya 23 wino ni mwingine.

"Tulimzika Jumapili. Jumatatu nilikaa kwenye kile kigoda," anasema Winifred.

Tangu hapo alijifunza usiku na mchana jinsi ya kusambaza programu kupitia mtandao. Na ana desturi yake: programu yoyote mpya huanza kuingia kwenye kompyuta ya zamani ya Castory, iliyobaki mezani pake. Ikikaa humo siku mbili bila kuleta matatizo, ndipo nyingine zinapewa.

"Mzee alikuwa mkali. Kitu kibaya kisingempita," anasema.

Saa nne kasorobo, simu inaonyesha mia moja na kumi. Annick ameacha kutania. Sasa ndiye anayeuliza kila dakika. "Ngapi? Ngapi sasa?" Mtaro umeanza kupitisha maji, na watu wanaulizana namba kana kwamba ni mechi.

Saa nne na nusu: mia moja sitini na tatu. Kisha namba inagoma.

Dakika kumi zinapita. Mashine iliyobaki ni Biryogo 1. Winifred anatupa koleo chini na kumpigia Sibomana, sauti ikiwa imewekwa juu.

"Mzee, umezima kitu Biryogo?"

"Oya, hapana, madamu! Swichi zote ziko na umeme."

"Nenda ile ya kwanza, karibu na mlango. Ina nini?"

"Madamu, hiyo niliichomoa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa napita dirishani. Ikawaka! Mtu hayuko, mlango iko na kufuli, na yeye anawaka pekee yake. Nikafungua, nikachomoa. Kugeuka hivi, madamu, zingine zote zikawaka! Nikasema, hizi ziko na wenyewe. Nikatoka."

Mtaroni watu wameshika mbavu. Winifred anajipangusa machozi kwa kiwiko chenye tope.

"Mzee wangu, mwenyewe ni mimi. Irudishie waya."

"Haiwezi kunifanya kitu?"

"Haiwezi."

"Basi ukae kwenye simu hadi nitoke."

Anakaa kwenye simu. Saa tano kamili, wakati kiongozi wa mtaa anawaita watu kwenye mkutano wa baada ya kazi, namba inageuka: 164. Annick anapiga kigelegele, na wazee wawili waliokwisha kaa wanauliza nani anaoa.

Mchana Winifred alikwenda chuoni kuhakikisha kwa macho yake. Alipita mashine kwa mashine, akiweka vema kwenye daftari la bluu, ingawa seva ilikwisha kumpa orodha nzima.

Jumatatu saa mbili wanafunzi waliingia, wakaketi, wakaanza mtihani. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Kalisa alisimama mlangoni pa chumba cha Biryogo kwa muda, kisha akamwambia Winifred apite ofisini. Mkataba umeongezwa kwa miaka miwili, na tawi la chuo lililoko Huye, lenye kompyuta tisini, sasa liko chini yake.

Mpango wake ni kuzihudumia zote tisini kutoka Kigali, umuganda ujao, bila kupanda basi.

Sibomana aliposikia alitikisa kichwa. "Na huko Huye, mlinzi wao nani atamwambia asikimbie?"

"Wewe," alimjibu Winifred. "Namba yake ninayo. Utampigia Ijumaa."

Mzee alivuta kofia yake ikakaa sawa, akatoa simu mfukoni.

"Lete," alisema. "Nimpigie sasa hivi."