Gari Linalopona Likifika Gereji

Hakuna kitu kinachomkera fundi umeme wa magari kama gari linalopona likimwona. Mgonjwa akifikishwa kwa daktari huwa amezidiwa. Gari likifikishwa kwa fundi hujinyoosha, likanguruma vizuri, likawasha taa zote, na mwenyewe akabaki anaapa kwamba asubuhi lilikuwa linakata roho. Na huyo mwenyewe akiwa baba mkwe wako, basi jua umekwisha.

Fundi huyu wenzake gerejini walimwita Fyuzi. Hawakumpa jina hilo kwa ajili ya kazi yake tu, walimpa kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuungua. Spana ikimponyoka, aliitukana. Nati ikigoma, aliitukana pamoja na kiwanda kilichoizaa. Lakini mikono yake ilikuwa na subira ambayo mdomo wake haukujaliwa. Angeweza kulala asubuhi nzima chini ya dashibodi, miguu nje, kichwa ndani, akifuata waya mmoja uliopauka mpaka ajue unatoka wapi na unakwenda wapi. Na kwenye ubovu wa gari hakumdanganya mtu. Kama ni kibovu alisema kibovu, kama ni kizima alisema kizima, hata kama uongo ungempa kazi ya wiki nzima. Wateja walimvumilia matusi yake kwa sababu hiyo.

Baba mkwe wake alikuwa mtunza ghala mstaafu. Kampuni yao ilipouza magari yaliyochoka, yeye alichukua jipu la dizeli, lile refu lenye kuvuta magurudumu yote manne, akalipa jina la Bi Mkubwa. Mama mkwe hakuwahi kulicheka jina hilo. Kwa miaka mingi Bi Mkubwa alipanda na kushuka makorongo bila kudai kitu. Halafu mwaka huu akaanza vituko. Kwenye barabara mbaya, hasa ule mlima mrefu wenye mawe, taa za dashibodi zilipepesa, injini ikakohoa, nguvu zikaisha, na mara nyingine gari likazima kabisa.

Wakati mwingine wowote jambo hilo lingekuwa kero tu. Lakini mama mkwe figo zake zilikuwa zimegoma, na kila wiki ilibidi avushwe ule mlima kwenda hospitali akasafishwe damu kwa mashine. Siku moja gari lilizima katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma, na breki ya mkono ikashika pale korongo lilipokuwa linaanza kuonekana dirishani. Mama mkwe alifungua mlango, akateremka, akakaa juu ya jiwe na mkoba wake mapajani, akasema hapandi tena. Zamu iliyofuata hakwenda. Miguu ikamvimba.

Mke wa Fyuzi alirudi kutoka kwao siku hiyo bila kusalimia.

"Baba watoto, mama anasema afadhali afie kitandani kuliko korongoni. Wewe fundi wa watu wote, gari la kwetu ndilo limekushinda?"

Jipu lile lilikuwa limeshaingia gereji mara nne, na mara zote nne alilipata na ubovu. Hilo ndilo lililomuuma Fyuzi zaidi. Mara ya kwanza waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi, ulikuwa umeliwa na kutu, akaweka mpya. Mara ya pili chujio la dizeli lilikuwa limeziba kwa uchafu, akabadilisha. Mara ya tatu alteneta ya kuchaji betri, mara ya nne waya ulioguswa na bomba la moshi ukababuka. Gari kuukuu ni kama mzee wa siku nyingi: ukimpima, hukosi kumkuta na kitu. Kila alipomaliza alilipeleka mwenyewe nyuma ya machimbo ya kokoto, barabara mbovu kuliko zote, akalirusha mashimoni mpaka meno yakagongana. Gari halikukohoa hata kwa bahati mbaya. Akalirudisha akiwa na uhakika wote, na kabla hajanawa mikono vizuri simu ikalia.

"Mkwe, limezima."

Baba mkwe hakuwa mtu wa salamu kwenye simu. Alikuwa mtu wa maelezo. "Mimi si fundi," alianza kila mara, na mtu akianza hivyo ujue anakuja kukufundisha. "Mimi si fundi, lakini nadhani hukukaza vizuri."

Wenzake gerejini walifurahi sana. "Fyuzi," mpiga rangi alimwambia, "gari la mzee halina kitu. Anakuja tu kuangalia kama binti yake anakula." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Fyuzi alitupa kopo la grisi, likamkosa mpiga rangi, likampata mbwa, na jambo hilo nalo likamharibia siku.

Kulikuwa na jingine lililomchoma, ila hilo hakumwambia mtu. Ni jinsi baba mkwe alivyokuwa anakabidhi gari. Mzee alisimama pembeni, akageuka kidogo kama anayehesabu noti asionwe, akachomoa ufunguo wa gari peke yake kutoka kwenye kitita chake, akauweka kiganjani mwa Fyuzi. Funguo zilizobaki zilirudi mkononi mwake mara moja. Zilikuwa za nyumba, za stoo, za makabati, za kufuli la geti. Ghala alistaafu, utunza ghala hakustaafu. Kwake hata unga na sukari vilikaa chini ya kufuli, na mama mwenye nyumba, aliyemzalia watoto wote wale, alisimama mlangoni mwa stoo kuomba afunguliwe. Kama mke mwenyewe anaomba, mkwe ataachiwa nini? Fyuzi aliupokea ule ufunguo mmoja kila mara kama mtu anayepokea mfupa, akameza mate, akaenda kufungua boneti.

Safari hii aliamua hatalingoja gari gereji. Alikwenda nyumbani kwa wakwe zake, akamkuta mama mkwe amekaa kitandani, miguu juu ya mto.

"Mama, kesho twende. Mimi nitakuwemo. Nataka nilione linavyokufa."

Mama mkwe aliuliza, "Na likitufia mlimani?"

"Nitakuwepo."

"Haya. Kama ni kufa, tufe na fundi, asije mtu akasema hakuitwa."

Asubuhi Fyuzi alifungua boneti akafunga waya mrefu kwenye pampu ya dizeli. Pale pana kijidude kidogo: ukiwasha ufunguo hupata umeme na kuifungulia dizeli njia, ukizima, huifunga. Ule waya aliupitisha dirishani mpaka kwenye taa ndogo ya kupimia aliyoishika gotini. Kijidude kikikosa umeme, taa itazimika. Baba mkwe alikuwa kwenye usukani, na kofia yake ya safari kichwani. Hakupenda kuchunguzwa akiendesha. Mama mkwe alikaa nyuma, amefunga mkanda na macho.

Kwenye lami taa iliwaka tuli. Walipoanza kupanda, gurudumu la mbele lilikanyaga jiwe la kwanza, na taa ikapepesa. Jiwe la pili, ikapepesa tena, injini ikakohoa. Wiki zote hizo, leo ndiyo mara ya kwanza Fyuzi anauona ule ugonjwa kwa macho yake! Umeme ulikuwa unakatika kabla ya kufika kwenye pampu. Lakini wapi? Akainama, akatega sikio kwenye dashibodi kama mtu anayesikiliza majirani, na hapo ndipo alipousikia mlio. Chaka-chaka. Chaka-chaka.

Kitita cha funguo kilikuwa kinaning'inia kwenye swichi ya kuwashia gari, kikubwa kuliko ngumi yake. Humo mlikuwa na funguo ndefu za shaba za maghala ambayo pengine yalishabomolewa, na za makufuli yaliyoliwa na kutu zamani. Kila gari liliporuka, kitita kiliyumba, kikaivuta swichi, na taa ikazimika gotini. Fyuzi alinyoosha mkono akakibeba kwa kiganja. Gari likaingia shimoni, likatoka; taa haikutikisika. Akakiachia. Shimo lililofuata taa ikafa moja kwa moja, na Bi Mkubwa akazima katikati ya mlima, palepale alipozoea.

Baba mkwe alivuta breki ya mkono kwa nguvu zote. "Unaona? Mimi si fundi, lakini..."

Fyuzi alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kupiga kelele.

"Baba, ni funguo! Funguo zako! Uzito wake umeichosha swichi. Zikiyumba umeme unakatika, dizeli inafungwa. Mimi unanipa ufunguo mmoja, mtupu, gari linapona. Wewe unapanda na ghala zima linaning'inia hapo, linakufa! Nimefungua alteneta bure! Nimetambaa chini ya hili gari mpaka mgongo umeota sugu!"

Jiwe moja liliteleza chini ya gurudumu, likaporomoka kuelekea korongoni, wakalisikiliza wote mpaka lilipofika.

"Kwa hiyo mimi ndiye mharibifu," alisema baba mkwe taratibu.

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema. Tena mbele ya mama mkwe wako."

Fyuzi alijilazimisha kushusha sauti. "Samahani, baba. Chomoa ule wa gari, hizo nyingine weka mfukoni."

"Mfuko huu umetoboka."

"Basi weka hapo kwenye kiti."

"Zidondoke njiani?"

"Nipe mimi nizishike."

Baba mkwe alimtazama tu, na katika kutazama kule Fyuzi alisoma miaka yote ya ndoa yake. Hata hapa, gari limezima, mgonjwa nyuma, korongo pembeni, mzee yule alikuwa bado anapima kama mkwe wake ataiba sukari.

Ndipo mkono ukapita katikati ya viti kutoka nyuma, umevimba, kiganja juu.

"Nipe mimi," alisema mama mkwe.

"Wewe unaumwa."

"Naumwa figo. Siumwi mikono."

Baba mkwe alikizungusha kile kitita huku na huku, akatafuta sababu nyingine, akaikosa. Alichomoa ufunguo wa gari kwenye pete. Ilimchukua muda. Kisha akaziweka zilizobaki kwenye kile kiganja, na mkono ukarudi nyuma.

Gari liliwaka mara moja. Lilipanda mlima wote kwa sauti moja, taa tuli gotini, likavuka kilele bila kukohoa. Fyuzi alisubiri furaha, haikuja. Alichosikia ni hasira iliyokosa pa kwenda. Walipoanza kuteremka upande wa pili, baba mkwe alisafisha koo.

"Hata mimi nilikuwa nahisi ni mambo ya swichi."

Hospitalini muuguzi alimlaza mama mkwe, akamuunganisha na mashine kwa mkono wa kushoto. Kwenye mkono wa kulia alikuwa bado na zile funguo. Baba mkwe alibaki nje akililinda gari. Fyuzi alikaa kwenye stuli kando ya kitanda, akitazama damu ya mama mkwe wake ikizunguka kwenye mirija. Mama naye alikuwa anazipitisha funguo moja moja kwa kidole gumba.

"Mwanangu," aliita baada ya muda, "ya stoo ni ipi hapa?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuzishika."

"Hata mimi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaendelea kuzipitisha, akazitenga kubwa na ndogo, akainusa moja ya shaba akakunja pua.

Baba mkwe aliingia polepole, kofia mkononi. Alimuuliza mkewe anaendeleaje, akajibiwa anaendelea. Akazitazama funguo zilizolala juu ya shuka, akanyoosha mkono nusu, akaurudisha. Halafu akamgeukia Fyuzi, na safari hii hakuanza kwa kusema yeye si fundi.

"Mkwe. Ukinitafutia swichi mpya, ukaifunga vizuri. Zitaweza kurudi pale?"

Fyuzi aliijua hiyo swichi. Alijua hata duka la vipuri ambako angeipata. Ikiwa mpya ingekibeba kile kitita miaka na miaka bila kuyumba. Juu ya kitanda, kidole gumba cha mama mkwe kilikuwa kimesimama juu ya ufunguo mmoja.

"Hapana, baba," alisema. "Hata ikiwa mpya, haitaziweza."