Pikipiki Iliyonyamaza

"Leo pikipiki yako ikirudi na kelele, naiuza kama chuma chakavu!" mke wa fundi mmoja alikuwa ameapa.

Basi fundi huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kachakacha kwa sababu ya kelele za injini yake, alishinda gereji akiifungua pikipiki ya ujana wake. Vikaza cheni ndani ya injini vilikuwa vimelika, cheni ikalegea na kugonga. Akafunga vipya, akapiga kiki. Lo! Injini ikanguruma laini kama paka aliyeshiba!

Akaruka nayo hadi nyumbani, akangoja mkewe asikie afungue geti kama siku zote. Geti halikufunguka. Akabisha.

"Nani?"

"Mumeo!"

"Mwongo mkubwa! Wangu husikika tangu kona!"

Akacheka mpaka akaegemea geti. "Fungua, mama watoto, uje uisikie mwenyewe!"