Siku Nilipozisawazisha Nyimbo za Kwaya

Nikiri tu, maana Machame nzima inajua. Jumapili ya mavuno niliombwa niandae nyimbo za kwaya yetu, zipigwe watu wakila nje ya kanisa. Mafaili yalikuwa makubwa, mengine yananguruma, mengine hayasikiki, na flashi ilikuwa ndogo. Nikaiagiza kompyuta ipunguze ukubwa wa kila kilichokuwamo kwenye folda na kusawazisha sauti. Nikajiona fundi, sikusikiliza hata moja.

Watu wakala ndizi, nyimbo tano zikapita, nikapongezwa. Wa sita ukaanza kwa kikohozi. Nikakitambua: changu! Nilikuwa nimejirekodi chumbani nikifanya mazoezi ya kuposa, kwa kunong'ona, nikaisahau rekodi kwenye folda ileile, na sasa mnong'ono ule unavuma kama kwaya nzima.

"Shikamoo, baba. Nimekuja... hapana, naanza tena. Shikamoo, baba. Mimi na binti yako Ndeshi tunapendana."

Nikakimbilia spika, nikajikwaa kwenye waya, nikaanguka kifudifudi mbele ya Mzee Elinami, baba yake Ndeshi. Akaweka sahani chini.

"Marahaba," akajibu kwa sauti. "Endelea, mwanangu, tunakusikia."