Kikoi Kipya Siku ya Mashujaa

Nakiri mapema, kabla hamjasimuliwa na majirani: Siku ya Mashujaa iliyopita, uwanjani Tononoka, mbele ya mtaa mzima, niliaibishwa na kikoi changu mwenyewe.

Mimi ni karani wa bandarini, mtu wa suruali na kalamu mbili mfukoni. Kwa miaka minne, kila Jumamosi, nilikuwa nikiwahoji wazee wa Mji wa Kale juu ya Bi Mwanaesha, muuza mahamri ambaye enzi za Mwingereza aliwapitisha wachukuzi wawili waliogoma, wakisakwa na askari, kwa kuwafunga leso kama wanawake na kuwatembeza mchana kweupe hadi kivukoni. Jina lake halikuwahi kusomwa kwenye orodha ya mashujaa wa mtaa. Mwenyekiti wa kamati akanipa dakika tano. "Ukiwaridhisha watu, tutamsoma leo. Ukishindwa, tusisumbuane tena." Mjukuu wa Bi Mwanaesha, Bi Rukia, mwenye miaka themanini na ushei, aliketi safu ya mbele, na kwake (aliniambia mwenyewe) mwaka ujao ulikuwa mbali.

Asubuhi ile niliona suruali chini ya kanzu haiipi siku heshima yake, nikavaa kikoi kipya, kimetoka dukani na wanga wake wote, mke wangu akasema, "Baba Amina, kikoi hakivaliwi hakijafuliwa, kitateleza," nami (niliyekwisha soma vitabu viwili juu ya mavazi ya pwani) nikamjibu kwamba nimekikunja mara tatu kama inavyotakiwa.

Kiliteleza dakika ya pili. Nikakibana kwa kiwiko, nikageuza karatasi, kikashuka mapajani, nikabana magoti, nikawa nasoma huku nimepinda kama mtu aliyeshikwa na tumbo, hadi kikaanguka chote miguuni, na kanzu yenyewe nyepesi, na jua la saa tano liko nyuma yangu, na kaptula yangu ya ndani ina maua mekundu.

"Yakhe, bustani hiyo!" akapaza sauti mtu wa nyuma, na uwanja ukaangua kicheko. Mwenyekiti akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

Ndipo Bi Rukia akainuka, akaja na mkongojo wake hadi jukwaani, akavua leso ya juu, akanizungushia kiunoni na kufunga fundo moja. "Simama wima, mwanangu. Maneno hujayamaliza."

Nikaziacha karatasi. "Hivi ndivyo Bi Mwanaesha alivyowafunga wale wawili," nikasema.

Kicheko kikakatika.

"Tembea tuone!" wakaita akina mama. Nikatembea, Bi Rukia mbele, mimi nyuma nimeinamisha kichwa, tukampita mlinzi wa lango (akatupigia saluti), na vigelegele vikatufuata hadi tuliporudi. Mwenyekiti hakungoja dakika ya tano. Alilisoma jina la Bi Mwanaesha la kwanza kabisa, na uwanja mzima ukasimama.

Bi Rukia hakulia. Aliniambia tu leso yake nimrudishie imefuliwa.

Nimeirudisha, na pasi juu. Naapa sitavaa tena kikoi ambacho mke wangu hajakikagua. Lakini nikipita Kibokoni watu wakaniita "Bwana Bustani", ninaitika, kwa sababu wakishamaliza kucheka huniambia, "Hebu keti, tuhadithie tena habari za Bi Mwanaesha."